Kwa nini ni vibaya? Namna ya kumuuliza mtoto, na namna ya kulisikia jibu lake

Muulize mtoto wa miaka sita, pale Makorora au Mwanzange, mitaa ya mji wa Tanga, kwa nini si vizuri kumnyang'anya mwenzake karanga. Mara nyingi jibu lake litakuwa moja kati ya haya: mama kakataza, nitapigwa, Mungu hapendi, mwenzangu atalia, nitaona aibu. Kila jibu lina chemchemi yake. La kwanza linatoka kwenye amri, la pili kwenye woga, la tatu kwenye imani, la nne kwenye huruma, la tano kwenye haya. Wakalishe watu wazima barazani, uwaulize binadamu anajuaje jema na baya, nao watagawanyika katika mafungu hayo hayo.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu wa chekechea, maalim wa chuoni (madrasa) au kijana wa mtaa anayetaka kulichunguza jambo hilo kwa watoto wa kwao Tanga. Vifaa ni mkeka, daftari, kalamu, gololi chache na karanga za shilingi elfu moja. Kazi kubwa iko kwenye kuuliza, na karibu makosa yote hutokea hapo.

Kwanza tenganisha maswali mawili

Mtu akisema "mema na mabaya tumefunzwa na wazazi," kasema kweli, lakini kajibu swali moja tu: tumeyajulia wapi. Liko na swali la pili: kinachofanya jambo liwe baya ni nini?

Mtoto wa Sahare hufunzwa na baba yake kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwamba katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kafunzwa na baba, lakini baba siye aliyeyajaza maji. Mtoto huyo huyo hufunzwa kwamba shule huendwa na shati jeupe. Hapo waliopanga ni watu, na wakitaka kesho watapanga rangi nyingine. Je, ubaya wa kuiba ni kama bamvua au ni kama shati jeupe? Maswali yote yaliyomo humu yametungwa ili mtoto akuambie yeye mwenyewe analiweka jambo upande gani.

Wanachuoni walilichambua hili zamani. Muutazila wa Basra, kundi la wanafikra wa Kiislamu, walisema akili yenyewe hutambua kwamba dhuluma ni mbaya, hata kabla wahyi (ufunuo wa Mungu) haujafika. Imamu al-Ash'ari, aliyefariki karne ya 10, akashika kwamba jema ni lile Mungu alilolitaja kuwa jema, na baya ni lile alilolikataza. Watoto wa chuoni nao husoma hadithi kwamba kila anayezaliwa huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi aliyoumbiwa. Upande wa kanisa kuna barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya 2, inayozungumzia sheria iliyoandikwa mioyoni mwa watu ambao hawakupewa Torati. Mweleze hayo mzazi mwenye wasiwasi kwamba maswali yako yatamchezea mtoto imani. Dini zote mbili zimeacha nafasi ya kitu kilichomo ndani ya mtu kabla hajafunzwa, na kumuuliza mtoto anachokiona si kubishana na Kitabu.

Mahali, watu na muda

Watoto 12 wanatosha kuanzia: wanne wa miaka 4 hadi 5, wanne wa miaka 7 hadi 8, wanne wa miaka 10 hadi 12, wasichana na wavulana nusu kwa nusu. Hao hawatoshi kukupa haki ya kusema "watoto wa Tanga wanaamini hivi." Wanatosha kukuonyesha jinsi jibu linavyobadilika kadiri umri unavyosogea.

Uliza mmoja mmoja. Wakikaa wawili, wa pili atarudia ya wa kwanza. Wadogo uwape dakika 10, wakubwa 20. Ukizidisha watakujibu lolote ili waende zao kucheza. Pata ruhusa ya mzazi, kisha umwombe na mtoto mwenyewe, na umwambie kwamba akichoka anaweza kuondoka. Kama unakusudia kuchapisha au kuandika tasnifu, pitia chuo kikuu chako upate vibali vya utafiti kabla ya kumgusa mtoto yeyote.

Mahali pazuri ni baraza la nyumba, mzazi awe anaona lakini hasikii. Usifanyie chuoni wala darasani, na usifanye mara tu watoto wanapotoka huko, kwa sababu vichwa vyao bado vimo katika kujibu sawasawa na kilichoandikwa ubaoni. Muulizaji asiwe mtu mwenye fimbo. Mtoto akishatoa shikamoo na kuitikiwa marahaba, kaingia katika adabu ya mkubwa na mdogo, na katika adabu hiyo mkubwa habishiwi. Salamu usiifute, ni haki yake na yako. Ila mkishasalimiana, keti mkekani kwa kimo chake, ongelea kwanza paka au mpira, na ikiwezekana umwachie kuuliza binti wa miaka 16 hadi 20 ambaye watoto humwita dada. Wewe kaa pembeni uandike.

Kabla ya yote mwambie mtoto: "Hapa hakuna kupata wala kukosa. Mimi sijui wewe unaonaje, ndiyo maana nauliza." Kisha umpime kwa swali la upuuzi: "Mbuzi hupanda bodaboda, ndiyo au siyo?" Akisema ndiyo kwa heshima tu, ujue atakubali kila utakalosema. Cheka naye na umwambie ana ruhusa ya kukukatalia, halafu ujaribu upuuzi mwingine. Usiendelee mpaka amekukatalia mara moja.

Mambo manne, maswali matano

Andaa visa vinne vifupi, sentensi mbili kila kimoja. Cha kwanza kiwe cha kuumiza: mtoto kamsukuma mwenzake kwenye bembea, goti limechubuka. Cha pili kiwe cha haki: mtoto kachukua karanga za mwenzake aliyekwenda kunywa maji. Cha tatu kiwe cha utaratibu: mtoto kaenda shule na fulana nyekundu. Cha nne kiwe kile kinachochanganya, kula kwa mkono wa kushoto. Badilisha mpangilio wa visa kwa kila mtoto, ama sivyo hutajua kama jibu limetokana na kisa au na uchovu.

Kwa kila kisa uliza hivi, kwa mpangilio huu. Ni sawa au si sawa? Kwa nini? Tuseme mwalimu, au mama, kasema leo ruksa: itakuwa sawa? Tuseme iko nchi ambayo watu wote hufanya hivyo na hawaoni vibaya: kule ni sawa? Tuseme hakuna aliyeona: ni sawa? Baada ya kila "si sawa," rudia "kwa nini?" mara moja tu. Ukirudia mara tatu mtoto atadhani kakosea na kubadili jibu.

Swali la tatu ndilo roho ya kazi. Elliot Turiel, mtafiti wa Marekani, alilifanya kuwa nguzo ya kazi yake iliyochapishwa mwaka 1983, na mtafiti mwingine, Larry Nucci, akalipeleka kwa watoto wa Amish-Mennonite, dhehebu la Kikristo, na watoto wa Kiyahudi waliolelewa katika dini kwa ukaribu sana. Wengi wao walisema kwamba kufanya kazi siku ya ibada kungekuwa sawa kama Mungu asingekataza, lakini kumpiga mtu kungebaki kubaya hata kama hakukuandikwa katazo lolote. Watoto wa miaka mitatu na minne nao, katika tafiti kadhaa, wameshaanza kutenga mambo hayo. Nyumbani wameyasikia yote kwa sauti moja ya "usifanye!" na bado wanayatenga.

Mazungumzo yaliyoendeshwa vizuri huweza kwenda namna hii:

"Zuhura kamsukuma Asha kwenye bembea, Asha kaanguka, kachubuka goti. Ni sawa au si sawa?"
"Si sawa."
"Kwa nini?"
"Mwalimu atamchapa."
"Haya. Tuseme leo mwalimu kasema, shule yetu kusukumana ruksa, hachapwi mtu. Zuhura akisukuma ni sawa?"
Mtoto ananyamaza, anachezea ncha ya mkeka.
"Si sawa."
"Kwa nini?"
"Goti linauma."

Jibu la kwanza lilikuwa fimbo, la mwisho likawa goti. Anayeishia kwenye swali la pili ataandika "woga" daftarini na kuhukumu kwamba watoto wetu hawana dhamiri, wana hofu ya bakora tu. Hukumu hiyo husikika sana barazani, na mara nyingi chanzo chake ni mtu aliyeuliza mara moja akatosheka. Fimbo ilikuja kwanza kwa sababu ndiyo iliyo juu juu na ndiyo itajwayo kila siku. Goti lilikuwa chini yake.

Ule ukimya katikati ni wa thamani. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujasema neno. Watu wengi hushindwa hapa, wanaingilia kati na "si atalia, eti?" na kwa kufanya hivyo wanamwekea mtoto jibu mdomoni. Kosa la namna hiyo likitokea, weka alama ya msalaba daftarini na usilihesabu jibu hilo.

Kuhusu swali la Mungu, simama kwa uangalifu. Usimuulize mtoto mdogo "kama Mungu angeruhusu kuiba"; wengi watashtuka, na mzazi atakuwa na haki ya kukasirika. Kwa wenye miaka 10 na kuendelea, mzazi akiwa ameridhia, sema: "Tuseme hakuna aya wala hadithi iliyotaja jambo hili. Ungejuaje?" Kwa mtoto wa Kikristo sema "hakuna andiko." Akijibu "haiwezekani isiwepo," hilo nalo ni jibu kamili. Liandike, usimsukume.

Mkono wa kushoto

Kisa hiki kipe muda zaidi kuliko vingine. Mtoto mmoja atasema mkono huo ni wa chooni, na hapo sababu ni usafi. Mwingine atasema shetani hula kwa kushoto, kama alivyofunzwa chuoni, na hapo ni dini. Wa tatu atasema "wageni watakushangaa," hapo ni haya. Kila mmoja muulize swali linaloondoa sababu yake mwenyewe. Kwa wa usafi: "Kama kaunawa kwa sabuni mara tatu?" Kwa wa haya: "Kama yuko peke yake chumbani?" Sababu ikiondoka na ubaya ukaondoka nayo, umeipata chemchemi. Sababu ikiondoka na ubaya ukabaki, ujue alichokutajia kilikuwa kifuniko na chini yake kuna kingine. Muulize mtoto wa mashoto pia, kama yupo. Huyo kalifikiria jambo hili mezani kila siku.

Hapa ndipo mgawanyo wa bamvua na shati unapoanza kuvuja, na ni vizuri uujue udhaifu wake. Richard Shweder, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake walifanya kazi Bhubaneswar, nchini India, wakachapisha mwaka 1987. Walikuta watu wakihesabu kuwa kosa kubwa mno kitendo cha mtoto wa kwanza wa kiume kunyoa nywele na kula kuku siku iliyofuata kifo cha baba yake. Kwa Mmarekani jambo hilo lilionekana kama la shati tu. Turiel na wenzake wakajibu kwamba kwa muumini wa pale, kitendo hicho kinaidhuru roho ya marehemu, kwa hiyo bado ni suala la kumdhuru mtu. Zingatia jambo hilo unaposoma majibu ya Tanga. Watu wawili wanaweza kukubaliana kabisa kwamba kudhuru ni vibaya, wakatofautiana juu ya nani anayeweza kudhurika: aliye hai tu, au na maiti, na mzimu, na kiumbe aliyemo tumboni. Kwa hiyo mtoto akisema jambo ni baya nawe huoni aliyeumia, muulize "nani anaumia?" kabla hujaandika "desturi."

Vikombe

Jaribio hili lina karibu miaka mia. Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha 1932, aliwasimulia watoto visa viwili. Mtoto mmoja kaitwa kula, kafungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna sinia, vikombe 15 vikavunjika. Mwingine kapanda kuchukua jamu kwa siri, kikombe kimoja kikavunjika. Nani kakosa zaidi? Wadogo walielekea kumtaja wa vikombe 15. Wakubwa walimtaja wa kimoja, kwa kuwa alikuwa akidokoa.

Hapa badala ya jamu weka sukari au visheti vya wageni. Chora picha mbili kubwa, vikombe vyote vionekane. Kabla ya kuuliza, mwambie mtoto akusimulie visa vyote viwili kwa maneno yake. Akisahau nia ya mmoja, jibu lake halitakuwa na maana, kwa kuwa atakuwa amehukumu hesabu ya vigae tu. Watafiti waliomfuata Piaget waliona kosa hilo: nia ikionyeshwa wazi kwa picha, na hasara ikilinganishwa, hata watoto wadogo sana huitumia nia. Basi ongeza jozi ya pili ambayo kila mtoto kavunja kikombe kimoja tu, huyu kwa bahati mbaya, yule makusudi. Mwenye miaka minne akiikosa jozi ya kwanza na kuipata ya pili, nia anaijua. Wingi wa vigae ndio uliomzidi nguvu.

Angalia pia nyumbani kwake kukoje. Pale ambapo kikombe kikivunjika mtoto huchapwa bila kuulizwa alikuwa akifanya nini, mtoto husoma kwamba kinachohesabiwa ni kikombe.

Gololi

Hapa huulizi kisa chochote. Nenda wanapocheza, chuchumaa, sema hujui mchezo wakufundishe. Ucheze vibaya. Watakusahihisha, na kila sahihisho ni kanuni moja ya kuandika. Wakishamaliza uliza watatu au wanne, kila mmoja pembeni: nani alizitunga sheria hizi? Zamani walicheza hivi hivi? Wewe unaweza kutunga yako? Ukiitunga, itakuwa sheria ya kweli?

Piaget aliuliza hivyo kwa watoto wa Geneva na Neuchâtel. Wadogo walisema sheria zimetoka kwa wakubwa na hazibadiliki, huku katika kucheza wakizivunja bila habari. Wa miaka 10 au 11 na kuendelea walisema zinabadilika mradi wachezaji wote wamekubaliana, na hao ndio waliozishika kwa uaminifu. Kutokana na hayo akaona kwamba sehemu kubwa ya hisia ya haki hujengwa na wenzao wa rika moja katika kugombana na kupatana, pasipo mkubwa. Mtu asijaribu jambo hili akiwa amesimama juu ya watoto kama msimamizi. Mchezo hubadilika mara anapofika mkubwa, na ugomvi ambao wangeumaliza wenyewe wataukuletea wewe uuamue. Wakikuletea, sema: "Mimi mgeni, sijui." Subiri uone wanavyomalizana.

Karanga

Wakalishe wawili wa umri mmoja, visahani viwili katikati. Mmoja tu ndiye mwamuzi. Weka karanga nne kwa mwenzake na moja kwake. Mwambie: "Ukikubali, kila mtu anachukua za kwake. Ukikataa, zote zinarudi mfukoni, hapati mtu." Fanya mara tatu. Kisha geuza: nne kwa mwamuzi, moja kwa mwenzake, mara tatu. Changanya na raundi mbili za sawa kwa sawa, karanga moja kwake na moja kwa mwenzake, uone kama kaelewa. Anayezikataa hizo za sawa kwa sawa hajaelewa mchezo.

Mchezo wa namna hii ulichezwa na watoto wa miaka 4 hadi 15 katika nchi saba, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kukataa kupunjwa kulionekana kote. Kukataa kupendelewa, yaani mtoto kuzikataa nne zake kwa sababu mwenzake kapewa moja, kulionekana kwa watoto wakubwa wa nchi tatu tu: Kanada, Marekani na Uganda. Matokeo hayo yatuongoze tunapobishana kama dhamiri ni ya kuzaliwa au ya malezi. Uchungu wa kupunjwa unaelekea kuwa wa wote, na hatua ya pili, ya kuona vibaya kumpunja mwenzio, hutegemea sana mtoto kakulia wapi.

Mambo yanayoharibu: mtoto mwenye njaa hakatai chochote, basi fanya baada ya chakula. Mwezi wa Ramadhani tumia gololi au penseli. Usiwachukue ndugu wa tumbo moja wala majirani wanaogawana kila siku, kwa sababu mwamuzi atakubali nne akijua watagawana njiani. Mwishoni wape wote sawa, hata yule aliyekataa kila kitu.

Kwa watu wazima

Anza na methali mbili zinazopingana: "mtoto wa nyoka ni nyoka" na "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Kila mmoja achague ya kwake na ataje sababu, dakika kumi tu. Baada ya hapo jambo la kujadili lipo pwani yenu: uvuvi wa baruti. Mwambao wa Tanga umeumia nao miaka mingi, na sheria inaukataza. Baruti huua samaki wadogo na wakubwa pamoja, hupasua matumbawe ambayo hukua polepole mno, na imekata mikono ya wavuvi.

Uliza kwa kuondoa sababu moja moja. Kama serikali ingeruhusu kesho, ungekuwa sawa? Kama samaki wasingepungua hata kidogo? Kama mlipuko usingeweza kumjeruhi mtu? Kama mvuvi ana watoto ambao hawajala tangu jana? Swali la mwisho ndilo gumu, maana hapo huruma inagongana na haki ya wengine wanaoitegemea bahari ile ile, na wenye kuamua haraka watalazimika kusema uzito wameuweka wapi. Kuna atakayesema samaki ni wa Mungu na riziki haizuiwi. Muulize je, na kizazi kijacho hakina riziki humo? Kisha nyamaza.

Usiulize nani anafanya. Usirekodi sauti, usiandike majina, na akitaja mtu mwenyewe mkatize. Mkutano wa namna hii ukigeuka wa kutoa taarifa, hutapata tena ukweli wowote pale.

Watoto wachanga

Wazazi huuliza kama mtoto wa miezi sita anaweza kupimwa. Mwaka 2007 watafiti Kiley Hamlin, Karen Wynn na Paul Bloom walichapisha kwamba watoto wa miezi 6 na 10, baada ya kutazama kidude cha mbao chenye macho kikijaribu kupanda kilima, walichagua kidude kilichokisaidia kuliko kilichokizuia, karibu wote. Jaribio hilo liliporudiwa baadaye katika maabara nyingi, kwa watoto zaidi ya 1,000, uchaguzi ulitoka karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo usimpime mchanga nyumbani kwa soksi mbili ukatangaza mtaani kwamba umezaa mwadilifu. Jambo lililo imara zaidi ni la umri wa miezi 18 hivi: Felix Warneken na Michael Tomasello, mwaka 2006, walionyesha kwamba mtoto wa umri huo humwokotea mtu asiyemjua kitu kilichomponyoka, bila kuombwa wala kupewa zawadi. Hili unaweza kuliona nyumbani. Angusha kibanio cha nguo unapoanika, kifikie kwa mkono kama uliyeshindwa, usimtazame mtoto wala kumwita. Kitupe siku nyingine kwa makusudi, uone kama atakiacha.

Kusoma ulichoandika

Kila sababu iwekee herufi: A amri, W woga, D dini, M madhara au huruma, K haki, H haya. Jibu moja laweza kubeba herufi mbili. Watu wawili wasome daftari kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana zaidi ya jibu moja kati ya matano, tatizo ni maelezo ya herufi zenu, yaandikeni upya kabla ya kuendelea. Haya na woga ndizo zinazochanganywa zaidi. Anayesema "wataniona" mrudie swali la tano, la hakuna aliyeona. Ubaya ukiisha hapo, ni woga wa kufumaniwa. Akisema "mimi mwenyewe ningeona soni," ni haya, nayo imeshaingia ndani.

Msiwapange watoto kwenye ngazi ya juu na ya chini. Lawrence Kohlberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga ngazi yake ya hatua sita za kukua kwa maadili akianzia na tasnifu ya 1958 iliyohoji wavulana 72 wa Chicago, na mwaka 1982 Carol Gilligan akahoji vipi kipimo kilichotokana na wavulana kiwahukumu wasichana. Mtoto wa Ngamiani anayesema "nitamwaibisha bibi yangu" hayuko nyuma ya anayetaja haki za binadamu. Kataja kifungo cha kweli kilichomshika.

Na mkumbuke mnachokipima ni maneno. Mtoto aliyejibu vizuri juu ya karanga huweza kuzidokoa jioni ile ile.

Yale aliyosema mtoto yabaki mkekani. Mzazi atauliza "wangu kasemaje?" nawe umjibu kwa jumla ya kundi, bila jina, kwa sababu mtoto akichapwa kwa jibu lake, mtaa mzima hautakujibu tena. Isipokuwa jambo moja: mtoto akikueleza kwamba anapigwa kupita kiasi au anafanyiwa mabaya, acha maswali hapo hapo, msikilize, usimwahidi siri, na upige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hailipiwi, au ufike dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi kilicho karibu. Daftari la siku hiyo liweke kando.